Fundi wa Umeme Aliyekataa Kunawa

Najua utasema bibi huyu amezeeka, anachanganya ndoto na mambo yaliyokuwa. Sema utakavyo. Haya niliyaona mimi, mchana, jua likiwaka, ndani ya nyumba yetu ya Mangobo, na chumba chenyewe kipo hadi leo. Ukitaka nitakuonesha ukuta ambapo mita ya umeme ilikuwa na ukuta ilipohamishiwa. Kusikia si kuona, na mimi sikusikia.

Kwanza unijue. Mimi ni mtu wa shaka tangu utotoni. Mama yangu alinitania kwamba hata ziwa lake nililinusa kwanza kabla ya kunyonya. Muuza samaki akiniapia kwamba samaki ni wa leo, namfunua mashavu kwanza. Ya samaki, si yake. Basi usidhani mimi ni mtu wa kudanganywa kirahisi.

Ilikuwa miaka ile ya baada ya uhuru, miaka ya uasi. Wazungu waliuita mji huu Stanleyville, sisi tukauita Kisangani kama tulivyouita siku zote. Waasi walikuwa wameutwaa mji, vijana waliotiwa dawa na kuambiwa kwamba risasi zitawageukia maji. Kisha serikali ikarudi na askari wake, na sasa ilikuwa zamu ya kutafutana. Nusu ya mtaa wetu ilikuwa imekimbilia porini, barabara ya Bengamisa. Askari walipita nyumba kwa nyumba wakisaka waasi waliojificha, na aliyekutwa na mwasi kwake alichukuliwa pamoja naye. Waliochukuliwa hatukuwaona tena. Basi kilichoninyima usingizi kilikuwa kimoja tu: mume wangu Amisi kuchukuliwa. Tulikuwa tumeoana juzijuzi, na nilimpenda, nasema bila haya. Alikuwa seremala mwenye maneno machache, na akinitazama nilijua amenitazama mimi.

Tuliishi na mama yake, Mama Zaina. Watu wetu ni Waislamu wa zamani wa mji huu, wajukuu wa wale waliokuja na biashara, na Mama Zaina ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake mtaani kwetu. Sasa, choo na mahali pa kuogea vilikuwa nyuma ya kiwanja, karibu na barabara. Kila alfajiri mama alitoka na birika lake kwenda kutawadha, na askari wa barabarani walikuwa wakipiga chochote kinachotikisika gizani. Mzee mmoja jirani alikufa hivyo, birika mkononi. Tulimsihi mama atawadhe kwenye beseni chumbani. Akatujibu kwamba yeye si mgonjwa. Ndipo Amisi akaamua kwamba ile depo ya ubavuni mwa nyumba, tulimotunza mbao zake, igeuzwe bafu.

Chumba kilifaa. Bomba la maji lilipita nyuma ya ukuta wake, na sakafu ilikuwa ya simenti. Ila kulikuwa na tatizo moja: umeme wa nyumba nzima uliingia humo. Waya mkubwa kutoka kwenye nguzo ulipenya ukutani, ukashuka hadi kwenye ubao mweusi. Juu ya ubao ilikaa mita, chini yake fyuzi za kaure na swichi kubwa ya kushusha kwa mkono.

"Maji na umeme havilale chumba kimoja," Mama Zaina alisema, na alisema kweli. Mvuke unaingia kwenye mita, ukuta unalowa, mtu amesimama miguu mitupu kwenye maji, ananyoosha mkono awashe taa, na hapo hapo tunamtafutia sanda. Ilibidi ubao mzima uhamie koridoni kabla tone moja halijamwagwa mle.

Unadhani hiyo ni kazi ya seremala? Amisi wangu aliogopa umeme kuliko nyoka. Balbu ikiungua, mimi ndiye niliyepanda kiti. Na hata asiyeogopa angeshindwa, kwa sababu ukishusha ile swichi unazima vyumba tu. Ule waya wa kutoka nguzoni hadi kwenye mita unabaki na moto wake, hauzimwi ila juu nguzoni, na nguzo si yako. Amisi akaenda kuwaita wenye kazi yao. Akakuta lango la kampuni ya umeme limefungwa kwa mnyororo, mafundi wametawanyika na vita. Akarudi na mtu.

"Huyu njo fundi," akaniambia. "Nimemukuta kule kwa mulango, anaikala tu peke yake."

Alikuwa mtu wa makamo, amevaa ovaroli ya buluu, mkoba wa ngozi begani. Vumbi jekundu lilikuwa limemjaa hadi kwenye nyusi. Nilimtazama viatu, maana mtu humjua kwa viatu. Vilikuwa vimejaa udongo ule ule, tena mbichi, na mvua ilikuwa haijanyesha wiki nzima.

"Jambo, mama," akanisalimu. "Ile kazi ya mita, minaijua. Nitaifanya muzuri."

"Na wewe unataka nini?"

"Sitaki kitu. Bafu ikiisha, mutu wa kwanza wa kuoga ndani iko mimi. Ni ile tu."

Amisi akacheka. "Utaoga, papa! Hata na sabuni tutakupa."

Mimi sikucheka. Niambie wewe: katika siku zile za njaa, nani anafanya kazi ya hatari kama ile kwa ajili ya kuoga tu, na mto mzima wa Kongo unapita pale chini bure? Lakini Amisi alikuwa ameshasema ndiyo, na fundi alikuwa ameshafungua mkoba.

Adhuhuri nikapika lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki. Kwetu mgeni hanawi mwenyewe. Mke wa nyumba anapiga magoti mbele yake na birika na beseni, anammiminia maji mikononi. Nikafanya hivyo. Yule bwana akavuta mikono yake nyuma kama nimemletea makaa ya moto.

"Apana, mama. Maji isiniguse. Bado."

Na chakula hakukigusa.

Wewe hukuwepo, hujui hilo lilikuwa na maana gani wakati ule. Kila mtoto wa Kisangani alizijua sheria za dawa ya waasi. Mwenye dawa haogi. Hagusani na mwanamke, wala hali alichopika mwanamke. Akivunja sheria dawa inamtoka, na risasi inampata. Sasa mtu anayekimbia maji, tena maji ya mkononi mwa mwanamke, utamwita nani? Nilijua tumeingiza mwasi ndani, na shingo itakayolipa ni ya Amisi.

Nikamfuata mle depo kumchunguza. Alikuwa ameshautoa ule waya mkubwa kwenye mita, shaba yake iko wazi, na ameishika kwa vidole, anainyoosha taratibu.

"Papa, ulipanda nguzoni kuzima?"

"Apana."

"Na haikupige?"

"Ilishanipiga," akasema, bila kugeuka. "Haiwezi kunipiga tena."

Nikajiambia, ni dawa hiyo. Kama inazuia risasi, itashindwa na waya? Nikamvuta Amisi hadi jikoni, alikokuwa mama yake akichambua mchele. Nikamwambia yote kwa kunong'ona, machozi yananitoka. Nikamwambia amfukuze.

"Nitamufukuza namna gani?" akasema Amisi. "Waya iko inje, nyumba iko wazi, mutu akigusa anakufa. Amalize, aoge, aende."

Mama Zaina hakuinua macho kwenye ungo. "Mwasi akioga, dawa inaisha," akasema. "Donc, basi, mwasi gani anaomba kuoga?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Ungedhani litanituliza. Wapi! Mwasi nilijua ni kitu gani. Mtu anayekimbia maji na hapo hapo anayaomba, sikumjua ni kitu gani, na nilizidi kuogopa.

Alifanya kazi safi, siwezi kumsingizia. Siku ya pili ubao ulikuwa koridoni, juu, mahali pasipofikiwa na maji, na waya umepitishwa ndani ya bomba la chuma. Ndani ya bafu aliacha taa moja tu, amefunika kwa kioo kinene, na swichi yake akaiweka nje ya mlango ili mwenye mikono ya maji asiifikie. Amisi naye akamaliza simenti na kufunga bomba. Mimi kazi yangu ilikuwa kusimama uani na kusikiliza barabara. Jirani mmoja mwanamke aliniuliza juu ya ukuta, "Muko na mugeni?" Nikasema hapana. Akatabasamu, na lile tabasamu sikulipenda.

Baada ya swala ya alasiri wakaja. Askari, bunduki mikononi, wakasukuma mlango bila hodi. Mmoja akanishika bega. "Nani azali na kati?" akauliza kwa Kilingala, nani yuko ndani.

"Sisi tu," nikasema. "Mimi, mume wangu na mama."

Akauona mkoba wa vifaa koridoni. Akamtazama Amisi, akamfunua shati, akampapasa paji la uso na kifua akitafuta chale za dawa. Hakuona kitu. Kisha akausukuma mlango wa bafu.

Na fundi alikuwa humo. Niamini. Alisimama katikati ya chumba, ovaroli yake ya buluu, koleo mkononi, anatutazama. Mimi nilimwona kama ninavyokuona wewe. Nikafumba macho nikisubiri bunduki. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kumuaga Amisi.

Bunduki haikulia. Nikafumbua. Yule askari alikuwa ameingia, amefungua bomba, anajimwagia maji usoni, na fundi yuko ubavuni mwake kabisa, bega kwa bega. Askari akageuka, akachungulia dirishani, akapita mbele ya kifua cha fundi bila kumtazama wala kumgusa. Akatoka akijifuta kwa mkono wa shati.

"Moto te," akawaambia wenzake. Hakuna mtu.

Wakachukua redio yetu na kuku, wakaenda zao. Mume wangu alibaki amesimama koridoni, hai, shati wazi. Nilipaswa kuruka kwa furaha, si ndiyo? Nilimtazama Amisi, naye akanitazama, na midomo yake ilikuwa imekauka. Kumbe na yeye alimwona.

"Kazi imeisha," fundi akasema kutoka mle ndani.

Mama Zaina akaja akijikongoja, akasimama mlangoni, akamtazama kutoka utosini hadi kwenye vile viatu. Yule mama alikuwa ameosha maiti nyingi kuliko nguo alizofua. Hakushtuka. Akamuuliza swali moja.

"Unaitwa nani, na mama yako njo nani?"

"Asumani, mutoto ya Salima."

"Na ulikufa wapi, Asumani?"

Alijibu kwa upole, kama mtu anayeulizwa ametoka njia gani. Alisema siku za mapigano alitumwa kupanda nguzo kutengeneza waya, akiambiwa moto umezimwa. Haukuwa umezimwa, au mtu aliuwasha, hata yeye hakujua. Akaanguka. Risasi zilikuwa zinalia, watu wakamtupa na wengine shimoni, wakafukia, wakakimbia. Hakuoshwa, hakuswaliwa. "Sasa niko vile," akasema. "Maji ya kwanza ya kunigusa inapashwa iwe ya josho. Nilitafuta nyumba ya watu wetu, yenye bafu mupya, mutu hajaoga ndani. Nisameheni."

Nilisema aoge mwenyewe atoke. Nilisema kwa sauti kubwa, jirani akisikia na asikie.

"Maiti haijioshe," Mama Zaina akanijibu. "Na maiti ya mwanaume, mwanamuke haioshe. Ikikosa mutu wa kuiosha, zambi iko ya mutaa muzima. Amisi, wewe njo ulimuahidia. Ingia."

Nilimshika Amisi shati, likachanika mkononi mwangu. Nikamwambia, usiingie, kwa jina la Mungu usiingie, askari wamekuacha, usijipeleke mwenyewe. Akanitoa vidole kimoja kimoja, taratibu, akaniambia, "Ni kuoga tu, mama." Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kwake nikiwa na hakika kwamba ni yeye. Mama yake akampa pamba na karafuu maiti kutoka kwenye sanduku lake. Mlango ukafungwa. Nikawasha taa kwa ile swichi ya nje, nikabaki pale, sikio mlangoni.

Nilisikia ndoo. Nilisikia Amisi akitaja jina la Mungu, maji yakimwagika upande mmoja, kisha upande wa pili. Mwanga uliokuwa ukitoka chini ya mlango ukafifia, ukawa mwekundu, ukazimika. Sikugusa swichi, naapa. Maji yakaendelea kumwagika gizani, na kulikuwa na sauti mbili zikisoma. Kisha ikabaki moja. Taa ikarudi, mlango ukafunguliwa.

Ndani walikuwa wawili. Akatoka mmoja.

Alikuwa na uso wa Amisi, shati lililochanwa la Amisi, maji yanamchuruzika hadi kwenye viwiko. Nyuma yake sakafu ilikuwa tupu, na udongo mwekundu ulikuwa unaishia kwenye tundu la maji.

"Ameenda wapi?" nikamuuliza.

Akanitazama kidogo, kama mgeni anayeitazama nyumba aliyoelekezwa. "Nani?" akasema. Kisha akainua macho kwenye taa. "Ile taa inachezacheza. Fyuzi haikuingia muzuri."

Na yule mume wangu aliyeogopa umeme kuliko nyoka akaenda moja kwa moja kwenye ubao wa koridoni, akaingiza vidole vyake vilivyolowa, akaibana fyuzi. Taa ikatulia. Mama Zaina aliona. Aligeuka, akaingia chumbani kwake, na hadi anakufa hakusema neno juu ya jambo lile. Aliendelea kumwita "mwanangu" kama zamani.

Basi nikaishi naye. Ungefanya nini wewe? Randa na misumeno vilishika kutu, akawa fundi wa umeme, Mangobo nzima ikamwita yeye. Alikuwa mume mwema. Alinipa watoto, hakunipigia kelele hata siku moja. Mara nyingine nilimtega. Nilimuuliza siku ya posa yangu nilivaa nini, au baba yangu alimwambia neno gani mlangoni. Alijibu sawasawa kila mara, lakini alikawia kidogo, kama mtu anayemuuliza mwenzake aliye chumba cha pili. Nilimpenda na nilimwogopa, na hadi mwisho sikujua kipi kilikuwa kikubwa. Siku nyingine nikiwa peke yangu nilimlilia Amisi. Nililia kimya, maana utakaaje eda ya mume ambaye kila jioni anarudi kula?

Amekufa majuzi. Niko ndani ya eda sasa, ndiyo maana nina nafasi ya kukusimulia. Kabla jeneza halijatoka, sheikh alikuja kuniuliza jina la mama wa marehemu, kwa sababu kaburini, wakati wa talkini, maiti huitwa kwa jina la mama yake. Nikasema, Amisi mwana wa Zaina. Wakanyanyua. Walipofika langoni nikakimbia, mimi mzee hivi, nikamshika sheikh kanzu.

"Na Asumani mwana wa Salima," nikamwambia. "Muwaite wote wawili."

"Mama, tunazika mutu mumoja."

"Muwaite tu, mwanangu."

Sijui kama aliwaita. Wanawake tunabaki nyumbani. Watu wakanishika mikono, wakasema ni uchungu, wakanilaza kitandani.

Wewe unayejenga, unayegeuza chumba cha watu kuwa bafu, hamisha mita kwanza, hilo kila fundi atakuambia. Langu mimi ni jingine. Mtu usiyemjua akija kukufanyia kazi kubwa na kukuomba kitu kidogo, usiseme ndiyo ukicheka. Mkatalie, aende, hata kama waya uko nje na nyumba haina taa. Giza halimuui mtu. Mimi ningekaa gizani miaka yangu yote, na Amisi.